Mbwa Aliyerudishwa Mara Mbili

Katika lugha yetu mbwa hakujaliwa sifa. Mtu akitaka kumtukana mwenziwe humwita mbwa, na akitaka kueleza dhiki iliyompata husema kwamba ameishi maisha ya mbwa. Mbwa asiye na kwao huitwa mbwa koko, na jina hilo likitajwa mkono wa msikiaji huanza kutafuta jiwe. Ng'ombe ana nyimbo zake, ngamia ana mashairi yake, hata paka ana nafasi yake karibu na jiko. Lakini mbwa, ambaye huwalinda hao wote usiku, hulipwa makombo na lawama. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu kazi ninayotaka kuieleza, kazi ya kumtafutia mbwa aliyetupwa nyumba itakayompenda, hupambana na maneno kabla ya kupambana na jambo jingine lo lote.

Hata hivyo urafiki wa mtu na mbwa ni wa kale kuliko matusi yetu. Mwaka 1914, mahali paitwapo Oberkassel karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi lenye mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa. Wataalamu hukadiria umri wa kaburi hilo kuwa miaka ipatayo 14,000. Mbwa yule alikuwa mchanga, wa miezi kama saba, na meno yake yalionyesha kwamba kwa majuma kadhaa aliugua ugonjwa mkali ambao hata leo huua watoto wa mbwa. Mbwa mgonjwa hawezi kuwinda wala kulinda. Ikiwa aliishi majuma hayo yote, yamkini palikuwa na mtu aliyemlisha, akamnywesha maji na kumkinga na baridi. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili walinyamaza kimya nilipowasimulia habari hii, na mwalimu ye yote ajua kwamba ukimya wa Kidato cha Pili si kitu kidogo.

Nilianza kuzuru makao ya wanyama yaliyo nje kidogo ya jiji la Nairobi katika likizo ya Agosti ya mwaka 2023. Sikwenda kwa kusukumwa na huruma kubwa. Chama kimoja cha wanafunzi shuleni petu kilitaka mahali pa kujitolea kufanya kazi, nami nikatumwa kutazama kama mahali pale pangefaa. Nilikuta vibanda vimepangwa safu mbili, vimezungushiwa waya, na kila niliposogea mbele kelele zilinitangulia. Wengine walibweka, wengine waliruka juu ya waya, na wachache walibaki wamelala pembeni bila kuinua kichwa. Mfanyakazi aliyenitembeza aliniambia, "Mwalimu, usiwahurumie wanaobweka. Hao bado wana matumaini."

Huja kwa njia nyingi. Wako waliogongwa na magari, na wako waliozaliwa chini ya vibanda vya sokoni. Wako waliokuwa na wenyewe ambao walihama kutoka nyumba yenye ua wakaenda kukaa orofani, mahali ambapo mwenye nyumba hataki kumwona mnyama. Wengine hufungwa kwa kamba kwenye lango la makao usiku wa manane, na aliyewafunga huondoka kabla ya mapambazuko ili asionwe. Wala idadi yao haishangazi. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tuseme azaa watoto sita kila mara. Watoto majike nao waweza kushika mimba kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wanafunzi walio hodari wa hesabu na waikamilishe hesabu hiyo kwa miaka mitano, ndipo watakapoelewa kwa nini makao yale hayamtoi mbwa ye yote kabla ya daktari kumfunga uzazi.

Niliporudi shuleni na kuwaeleza wanafunzi, mmoja wao aliinua mkono akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingojea. "Mwalimu, katika nchi hii wako watu wanaolala njaa. Kwa nini tuhangaikie mbwa?" Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa la haki, na halikuwa jipya. Mwaka 1860 mwanamke mmoja wa London aliyeitwa Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa, na baadhi ya watu waliandika magazetini kwamba amepungukiwa na akili, kwa kuwa mji ule ulikuwa umejaa watoto maskini. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1865, na mwaka 1871 makao yake yakahamia Battersea, ambako yapo hata leo. Katika nchi yetu pia kazi hii ina umri. Chama kijulikanacho kwa herufi KSPCA kina asili yake katika mwaka 1910, na Sura ya 360 ya sheria za Kenya hufanya kuwa kosa kumpiga mnyama kwa ukatili, kumtesa au kumnyima chakula.

Lakini sikumjibu mwanafunzi wangu kwa historia wala kwa sheria. Nilimjibu kwa habari za kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba watu 99 katika kila 100 huupata kutokana na mbwa. Watoto ndio huumwa zaidi, kwa sababu hucheza na mbwa na tena hawana mbio za kutosha. Dalili zikisha kumtokea mtu, ni nadra mno apone. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali hima apate chanjo, asingoje kesho. Nayo njia ya kuukata ugonjwa huo ni kuwachanja mbwa wenyewe, angalau 70 katika kila 100. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuutokomeza ifikapo mwaka 2030. Sasa fikirini: mbwa mwenye nyumba ana mtu wa kumshika na kumpeleka kwa daktari siku ya chanjo. Mbwa koko ana nani? Kumwua hakusaidii sana, maana mwingine huja kuchukua nafasi yake na jalala lake. Kijana yule alifikiri kidogo, akasema, "Basi, Mwalimu, apewe nyumba, lakini si kwetu." Jibu hilo nalo nililipenda, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Miongoni mwa mbwa wa makao yale alikuwako mmoja aitwaye Kofia. Alikuwa jike wa umri wa miaka kama mitano, mwenye mwili mweupe na kichwa cha kahawia, kana kwamba alivikwa kofia ikateremka hadi chini ya masikio. Aligongwa na matatu, na msamaria asiyejulikana alimleta ndani ya gunia. Mguu wake wa nyuma, wa kushoto, uliungwa ukapona, lakini haukunyooka tena, akawa mwenye kuchechemea. Hakuwa miongoni mwa wenye kubweka. Mgeni alipopita mbele ya kibanda chake alisimama, akamtazama, kisha akarudi kulala.

Kofia alikuwa amekwisha kutoka pale mara mbili na kurudishwa mara mbili. Mara ya kwanza, kabla sijafika mimi, alichukuliwa na mfanyabiashara wa mbao. Tangazo lililobandikwa kwenye kibanda lilisema kwamba ni mbwa mzuri, mpole na mwaminifu, na mfanyabiashara yule alidhani kwamba mwaminifu maana yake ni mlinzi. Siku ya kumi na moja wezi waliruka ua wake wakahamisha mbao taratibu, na Kofia akawatazama hadi walipomaliza. "Huyu si mbwa," alisema mfanyabiashara alipomrudisha, "huyu ni mgeni." Nami, nilipohadithiwa maneno hayo, sikuweza kumlaumu. Alihitaji mlinzi, akapewa mpole.

Mara ya pili, mwezi wa Oktoba, alikwenda kwa jamaa moja yenye nyumba nzuri, majani yaliyokatwa vizuri, na kibanda cha mbwa chenye bati jipya. Kila mtu makaoni alifurahi. Lakini baba na mama waliondoka alfajiri na kurudi usiku, na watoto wao walikuwa katika shule za bweni. Kutwa nzima Kofia alifungwa kwa mnyororo asije akapotea. Mvua za vuli zilipoanza, ngurumo zikamkuta peke yake kwenye mnyororo. Majirani walisema alilia tangu saa nane mchana hadi jioni. Siku ya tatu ya mvua alijivuta kwa nguvu hata ukosi ukamkata shingo. Wale hawakuwa watu wabaya. Walimrudisha wenyewe, wakalipa gharama ya dawa, na mama yule alifuta machozi. Walikuwa na kila kitu cha kumpa mbwa isipokuwa saa za mchana.

Hapo ndipo mkuu wa makao aliponiambia jambo ambalo wageni hawaambiwi. Vibanda vilikuwa vimejaa. Kwa kila mbwa mzima aliyekaa miezi mingi bila kuchukuliwa, palikuwa na watoto wa mbwa langoni ambao wangepata nyumba kwa juma moja. "Nampa hadi mwisho wa Januari," alisema. Hakueleza zaidi, wala sikumwuliza. Nilimwona daktari wa wanyama akipita na kisanduku chake cha sindano, nikaelewa.

Katika chuo cha ualimu nilikosoma tulikuwa na mkufunzi mmoja aliyetukataza kuandika neno "mzuri" katika ripoti ya mtoto. Alisema kwamba neno hilo humfurahisha mzazi, halafu halimwambii la kufanya. "Andikeni kwamba husoma polepole lakini hukumbuka," alizoea kusema, "ndipo mzazi atajua ampe kitabu gani." Nilimkumbuka mkufunzi huyo nikiwa nimesimama mbele ya lile tangazo la zamani. Nikaomba ruhusa kuliandika upya. Nikaandika hivi:

"Kofia. Jike, umri miaka mitano hivi. Amechanjwa na amefungwa uzazi. Mguu mmoja una kilema, hawezi kukimbia. Hubweka mara chache sana, hatakulindia mali. Huogopa ngurumo na fataki. Hawezi kufungwa mnyororo. Hula vizuri, hana ugomvi na watoto wala kuku. Anahitaji mtu anayeshinda nyumbani mchana kutwa. Asiye na nafasi hiyo, tafadhali asimchukue."

Mfanyakazi aliyekuwa akipiga chapa alisoma, akaniangalia. "Mwalimu, unamtafutia nyumba au unamfukuzia watu?" Nilimwambia kwamba nawafukuza wale wawili waliokwisha kumrudisha, na wote wanaofanana nao. Tangazo likabandikwa madukani, na picha yake ikapelekwa kwa simu huku na huku, kama desturi ya siku hizi.

Majuma mawili yakapita. Kijana mmoja alipiga simu akauliza kama angeweza kuzaa watoto wa kuuza. Aliposikia amefungwa uzazi, akakata. Mama mmoja alimtaka kwa ajili ya binti yake, lakini walikuwa wakikaa katika ghorofa ya tano, na mguu wa Kofia haukuwa wa ngazi. Mwalimu mwenzangu, Mwislamu wa Mombasa, aliniambia waziwazi kwamba angempa chakula na maji po pote atakapomkuta, ila hangeweza kumweka nyumbani mwake, kwa sababu mate ya mbwa huwatia watu wake katika kazi ya kujitwaharisha kila wakati. Akanikumbusha mapokeo mashuhuri ya dini yake kuhusu mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Niliona kwamba amenena vyema. Mtu anayejua mapema kwamba nyumba yake haifai amemsaidia mbwa kuliko yule anayemchukua kwa haya na kumrudisha kwa hasira.

Katika juma la tatu la Januari alikuja mzee mmoja, fundi viatu, mjane, mwenye umri wa miaka sitini na zaidi. Hakupiga simu. Alikuja na tangazo lenyewe mkononi, limekunjwa mara nne, amelibandua katika ukuta wa duka moja huko Ongata Rongai.

"Nani aliyeandika haya?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Nami huwaambia wateja wangu hivihivi. Soli hii ni ya miezi mitatu. Usije mwezi wa nne ukanigombeza." Akalikunja tena. "Wasema hawezi kukimbia. Mimi pia sikimbii. Nionyeshe."

Tulimfungulia kibanda. Hakumwita Kofia, wala hakumpigia vidole. Aliinamisha ndoo akaketi juu yake, akaanza kuzungumza nami habari za bei ya ngozi. Baada ya kitambo Kofia aliinuka, akaja akichechemea, akainusa mikono yake. Ilinuka gundi na ngozi. Akainusa kwa muda mrefu sana, kidole kimoja kimoja, kama karani akaguaye hesabu.

Katika makao yale ni desturi kwamba kabla ya mbwa kutolewa, mtu mmoja huenda kuitazama nyumba. Nilikwenda mimi pamoja na mfanyakazi mmoja. Mzee alikaa katika chumba kimoja cha ua wenye vyumba vinane, na kazi yake aliifanya barazani palepale, juu ya benchi la mbao. Ua ulikuwa na ukuta na lango la kufungwa. Kivuli kilikuwako, maji yalikuwako, na mzee mwenyewe alikuwako tangu asubuhi hadi jioni. Nilimwuliza angemlisha nini. Akasema ugali na omena, na siku za soko matumbo kidogo. Nikamwonya juu ya mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika ikawa mikali na kuchoma tumbo, na juu ya vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa. Akanijibu kwamba tangu mkewe afariki hajapika kuku.

Kilichobaki ni mwenye nyumba, naye alikuwa mama imara aliyesimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Mwalimu," alisema, "sina ugomvi na mbwa. Nina ugomvi na kelele zake, na kinyesi chake, na kesi zake."

"Una haki, mama," nilimjibu. "Tuanze na kesi." Nikamwonyesha cheti cha chanjo, chenye tarehe na sahihi ya daktari, nikamweleza kwamba chanjo ya kichaa hurudiwa na kwamba mzee amekubali kumpeleka. Akaniuliza juu ya mbwa dume ambao hujazana langoni na kupigana usiku. Nikamwambia kwamba hilo halitakuwapo, kwa kuwa Kofia amefungwa uzazi. Mzee akaahidi mbele yetu kwamba kinyesi atakiondoa yeye kila asubuhi kabla ya wapangaji kuamka.

"Na kelele?"

Nilikosa la kusema kwa nukta moja. Kisha mzee akatoa lile tangazo mfukoni, akalikunjua, akampa. Mama yule alilisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika mahali pasemapo kwamba hubweka mara chache sana na kwamba hatalinda mali, aliinua macho.

"Mbwa asiyebweka?"

"Wezi walihamisha mbao naye akawatazama," alisema mfanyakazi.

Mama mwenye nyumba alicheka hata akashika ukuta. Katika miaka yake yote ya kupangisha vyumba, alisema, hajapata kusikia mbwa anayesifiwa kwa jambo hilo. Akakubali kwa mwezi mmoja wa kujaribu, na akawaita wapangaji wawili wawe mashahidi. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba siku atakapomsikia akibweka usiku, mzee atachagua kati ya mbwa na chumba. Hivyo lile lililomkosesha Kofia nyumba ya kwanza ndilo lililomfungulia nyumba ya tatu. Kama tangazo lingesema "mzuri, mpole, mwaminifu", sijui mama yule angesoma nini ndani yake.

Siku za kwanza hazikuwa za furaha. Yafaa niwaambie jambo hili ninyi mtakaopata mbwa siku moja, kwa kuwa wengi hurudishwa katika juma hilo la kwanza. Watu hutarajia shukrani. Hudhani kwamba mbwa aliyetolewa kibandani ataruka na kuwalamba mikono, kumbe yeye hajui kwamba amefika nyumbani. Ajua tu kwamba amehamishwa tena. Kofia alikataa chakula siku mbili. Alilala amelielekea ukuta, na mzee alipopita alijikunyata. Mzee hakumshika wala hakumbembeleza. Aliweka maji karibu naye, akaendelea kugonga misumari. Usiku wa tatu alisikia sauti ya sahani ikisukumwa sakafuni. Hakuwasha taa. Aliniambia kwa simu asubuhi yake, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya serikali, "Mwalimu, amekula. Sahani ni safi."

Mwezi wa majaribio ulipita bila mama mwenye nyumba kutaja habari za mwezi. Watoto wa ua ule walizoea kumruka Kofia walipokuwa wakicheza, naye alizoea kurukwa.

Kisha ikaja masika ya mwaka 2024, ambayo wakazi wa Nairobi na vitongoji vyake wataikumbuka kwa mafuriko yake. Nilikuwa na hofu. Kila ngurumo ilipopiga usiku nilifikiri juu ya shingo iliyokatwa na ukosi, na juu ya sharti la mama mwenye nyumba. Barabara zilifunikwa na maji, nami sikuweza kwenda Rongai hadi mvua zilipopungua.

Nilipofika, mzee alinieleza yaliyotokea. Usiku wa ngurumo ya kwanza Kofia alitetemeka hata meno yakagongana, akaanza sauti nyembamba, ile sauti iliyowaudhi majirani wa nyumba ya pili. Mzee alifikiri ampe nini. Chakula hakukitaka, blanketi alilikimbia. Ndipo akakumbuka kwamba mchana kutwa Kofia hulala chini ya benchi huku yeye akigonga, na kwamba sauti ya nyundo haijapata kumshtua. Akaliingiza benchi chumbani, akawasha taa, akachukua kiatu kikuukuu kisicho na mwenyewe, akaanza kugonga. Ngurumo ikipiga, naye apiga. Kofia akaingia chini ya benchi, akakunja mguu wake mbovu, akanyamaza. Mzee aligonga hadi saa tisa za usiku. Akafanya hivyo usiku baada ya usiku, kila mvua ilipokuja na ngurumo.

"Na majirani?" niliuliza. "Hawakulalamika kwa kelele za nyundo?"

"Walilalamika," alisema mzee. "Mama mwenye nyumba alikuja kugonga mlango usiku wa pili. Nikamwonyesha chini ya benchi. Akatazama, akaniambia nigonge taratibu kidogo."

Kisha akaitazama miguu yangu, akaniamuru nivue kiatu cha kulia, maana soli ilikuwa imeanza kufunguka kwa matope ya masika. Nilikaa barazani mguu mmoja mtupu, akagonga. Kofia alitoka chini ya benchi, akaninusa goti na mkono, akanitambua nadhani, kwa kuwa alitikisa mkia mara mbili. Baadaye akarudi mahali pake. Nilipolipa na kuaga, mzee alinisindikiza hadi langoni. Kofia aliinua kichwa kututazama, akaona ni nani aondokaye na ni nani abakiye, akakilaza tena.